Sekunde Sita kwa Siku

Tanga,
Jumapili asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta umesharudi kutoka msikitini, umekaa barazani na kikombe chako cha kahawa, na lile goti halikusumbui kama nilivyoliacha. Mama kifua chake kimepoa? Bibi bado anaikataa miwani na kusema ni ya wazee? Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, naamka. La moyoni ndilo lililonikalisha hapa tangu jua halijapanda, na karatasi tatu nimeshazichana.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Baba, wewe unanijua. Kwenye simu mimi ni "ndiyo", "hapana" na "salama", kisha nanyamaza mpaka salio linakwisha. Barua hii nitampa jirani anayekuja huko Kilwa kwenye harusi ya mdogo wake, na nimemwomba akupe wewe mwenyewe mkononi. Isome peke yako kwanza.

Nianze na kazi, maana bila kuijua kazi hutaelewa mengine.

Kiwanda chetu kipo barabara ya kwenda Pongwe. Wananunua pweza na ngisi, wanawasafisha, wanawagandisha, kisha gari la baridi linawachukua kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa. Nyuma kuna chumba cha barafu, kikubwa kama darasa, kuta zake za chuma nene. Ukiingia, pumzi yako inageuka moshi na ndani ya pua unahisi sindano. Hatua mbili nje ya mlango huohuo ni joto la Tanga, bati linalia kwa jua.

Mimi natunza vipimo. Ni vifaa vidogo, kila kimoja kama boksi la sabuni ya kipande, havina waya, vimetundikwa kila mahali: juu ya bati, kwenye jenereta, kwenye chumba cha kusafishia, na kimoja ndani ya chumba cha barafu, juu ya mlango. Vinaandika joto, na kile cha mlangoni kinaandika pia mlango umefunguliwa saa ngapi na umefungwa saa ngapi. Nabadilisha betri, nafuta chumvi, na kila jioni nachapa karatasi ya meneja. Aliyevifunga ni fundi wa kike kutoka Dar es Salaam, Dada Rehema. Alikaa nami siku nne akinifundisha, na baba, kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule nilijiona nina akili.

Aliniambia kila kifaa kina saa yake ndani, na saa hizo hazikubaliani. Ukiziacha, kila moja inakwenda njia yake. Kwa hiyo kila siku alfajiri kifaa kikuu kilichopo ofisini kinatangaza saa hewani, na vingine vyote vinasikia na kujirekebisha.

Nikasema, tena kwa sauti, "Kama baba yangu anavyoadhini."

Akacheka. "Haswa. Sasa omba Mungu wasiwe wamelala."

Sikumwelewa, wala yeye nadhani hakujua alichokisema.

Sasa watu. Chumba cha barafu kilikuwa na watunzaji wawili. Asubuhi ni Mzee Mwinjuma, mzee wa Kidigo mwenye nyumba yake Pongwe, mwembamba, shati amelifunga vifungo hadi shingoni. Mchana ni Baba Zuhura, mume wa shangazi. Unajua kwamba ndiye aliyeniombea kazi hii, na nyumbani kwake Ngamiani ndiko nilikolala tangu nifike. Saa nane kamili wanapokezana. Hapo hapana daftari wala sahihi. Mzee Mwinjuma alikuwa anautoa ufunguo kwa mkono wa kulia na kusema, "Amana." Baba Zuhura anaufumbata na kusema, "Imefika." Basi. Mzee anapanda baiskeli yake, na saa nane na dakika moja ameshapita getini. Wanawake wa chumba cha kusafishia walimfanya ndiye saa yao. "Mwinjuma katoka, funikeni ndoo!"

Na sheria ya chumba ni moja: aliyefungua ndiye afunge. Mwingine haulizwi.

Siku ya mambo haya ilikuwa Jumatano. Kwenye saa kumi nilimsikia Mama Hadija, msimamizi wa wanawake, akipiga kelele huko nyuma: "Jamani! Maji chini ya mlango! Pweza wanatoka kwa miguu yao!" Tulikimbia. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mtu kupita kiubavu, mapazia ya plastiki yameufunika, ndiyo maana hakuna aliyeona. Meneja wetu, Bwana Nassor, aliusukuma kwa bega huku simu ipo sikioni akimwambia dereva wa gari la baridi asije. Pweza wa makasha ya mbele walikuwa wameshalegea. Mnunuzi wa Mombasa aliikataa shehena yote.

Kesho yake tuliitwa ofisini. Bwana Nassor alikuwa ameketi, wale wawili wamesimama.

"Nilifunga," alisema Mzee Mwinjuma. "Niliingiza makasha ya mwisho, nikafunga, nikashusha komeo. Nikampa mwenzangu amana yake."

"Na mimi mlango sikuugusa," alisema Baba Zuhura. "Nilikuwa huku mbele napokea ndoo. Wallahi sikuugusa."

"Mmoja wenu ananidanganya," alisema Bwana Nassor. "Bahati nzuri tunayo mashine. Mashine haina shangazi wala mjomba. Sauda, soma."

Baba, sijawahi kusoma mbele ya watu ila Kurani madrasa, na hata huko nilikuwa natetemeka. Lakini nilisoma vizuri. Nilisema mlango ulifunguliwa mara ya mwisho saa saba na dakika hamsini na sita, na haukufungwa mpaka saa tisa na dakika hamsini.

Saa saba na dakika hamsini na sita. Dakika nne kabla ya kupokezana. Zamu ya Mzee Mwinjuma.

Alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake likampotea. Akautazama mkono wake wa kulia. Akasema, "Nadhani nilifunga."

Mwanzo alikuwa amesema "nilifunga." Nilisikia lile "nadhani" likiingia, na nilijua kwamba mimi ndiye niliyelitia.

Aliondolewa siku ileile. Bwana Nassor akaniambia mbele ya wote, "Mtoto huyu hana maneno, lakini kazi yake safi." Nilifurahi, baba. Nakwambia kweli, nilifurahi.

Siku ya tatu, saa nane, nilichungulia dirishani nikamwona ng'ambo ya barabara. Amesimama kando ya baiskeli, shati limefungwa mpaka shingoni. Nilidhani amekuja kudai mshahara wake. Hakuvuka. Aliunyanyua mkono wa kulia hewani, akaushika mpini usiokuwepo, akavuta, akasukuma, akashusha komeo. Akautazama mkono. Akaanza tena. Alifanya hivyo labda mara ishirini, midomo inacheza, kisha akapanda baiskeli akaondoka.

Kesho yake alikuja tena. Na kesho yake.

Wanawake wakaanza kutaniana. "Mzimu wa Mwinjuma huo, funikeni ndoo!"

"Mzimu gani unaendesha baiskeli?"

"Huu wa Pongwe, wa kisasa."

Mama Hadija aliwakemea: "Ebu nyamazeni, mtu mzima yule." Lakini hata yeye, saa nane ikifika, alikuwa anageuka kutazama barabarani. Na mimi nikawa siwezi kupita karibu na ule mlango bila kulisikia komeo likishuka mahali ambapo hakuna mtu. Nikifunga choo, narudi kuangalia kama nimefunga. Shangazi akaniuliza, "We mtoto, umepoteza nini?"

Wiki tatu zilipita hivyo. Ndipo betri ya kile kifaa cha chumba cha barafu ikakaribia kuisha.

Niliingia na kiti, nikapanda, nikaifuta theluji kwenye kioo chake kidogo na kubonyeza kitufe ili nione kama bado kinafanya kazi. Kikanionyesha saa. Nilikuwa na simu mkononi kwa ajili ya kumulika. Nikaangalia simu, nikaangalia kifaa. Kifaa kilikuwa nyuma kwa dakika kumi na mbili na nusu.

Nilishuka kwenye kiti polepole. Nilikiweka mezani ofisini, nikatia betri mpya, nikaketi nakitazama. Nikajiambia kesho nitamwonyesha mtu. Kesho yake asubuhi nilikuta kinasema saa sawasawa na simu yangu, hata sekunde haikupungua. Alfajiri kilikuwa kimelala mezani, karibu na kifaa kikuu, kikasikia tangazo na kujirekebisha. Nililoliona halikuwepo tena. Nililiona mimi peke yangu.

Nilimtumia Dada Rehema ujumbe, maana kwa maandishi siogopi. Akanipigia. Alisema ndani ya kila saa ile kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka, na kutetemeka huko ndiko kunakohesabu sekunde. Fuwele hiyo imetengenezwa kwa joto la kawaida, la chumbani. Ukiipeleka juani inachelewa. Ukiipeleka kwenye barafu inachelewa pia, na zaidi.

"Lakini inachelewa kidogo sana, Sauda. Sekunde tano, sita kwa siku. Alfajiri ikisikia tangazo inarudi sawa."

"Alfajiri mlango wa chumba cha barafu unakuwa umefungwa," nikasema.

Akasema, "Kwani haisikii?"

"Kuta za chuma. Nadhani huwa inatuma vipimo vyake mchana tu, mlango ukifunguliwa. Lakini tangazo halipo mchana."

"Tangu nilipoifunga?"

Tangu alipoifunga. Siku mia na ishirini na tano hivi. Sekunde sita kwa siku. Piga hesabu baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Inakuja dakika kumi na mbili na nusu. Ukirudi nyuma wiki tatu, mpaka ile Jumatano, zinakuwa dakika kumi na nusu. Basi ule mlango haukufunguliwa saa saba na dakika hamsini na sita. Ulifunguliwa saa nane na dakika sita, na Mzee Mwinjuma alikuwa ameshapita getini.

Ufunguo ulikuwa kwa Baba Zuhura.

Na hapo nikakumbuka kitu kingine, nikatamani nisingekumbuka. Jumatano ile usiku, nyumbani kwa shangazi, tulikula pweza wa nazi. Shangazi alimpika laini, na chapati. Niliongezewa.

Sasa nitakwambia kosa langu, maana usidhani naandika ili nisifiwe. Sikusema. Nilikirudisha kifaa juu ya mlango na nikajiambia kwamba kwanza lazima nihakikishe. Siku kumi, kila mchana nilipanda kiti ndani ya baridi ile na kuandika kwenye daftari kimechelewa kiasi gani. Sekunde sita. Kumi na mbili. Kumi na saba. Ishirini na tatu. Nilijiita mwangalifu. Kumbe nilikuwa najua toka siku ya kwanza, na kila siku niliyopima, yule mzee alisimama ng'ambo ya barabara akifunga mlango wa hewa.

Siku ya kumi na moja hakuja. Wala ya kumi na mbili. Wanawake wakasema, "Leo mzimu kalala." Jumapili nikaomba baiskeli ya Mama Hadija nikaenda Pongwe.

Nyumba yake niliionyeshwa na muuza mkaa. Mkewe, Bi Mwanahamisi, alinikaribisha bila kujua mimi ni nani, akaniambia mumewe hayupo vizuri. "Haumwi mwili. Ameingiwa na woga. Anafunga mlango, anarudi kuangalia, anafunga, anarudi. Jiko hawashi tena, anasema atatuunguza. Funguo zote amempa mwanawe. Juzi amekataa hata kumshika mjukuu, ati atamwangusha."

Mzee alikuwa uani, kwenye kiti cha kamba. Nilimwamkia, akaitikia. Alinitambua.

"Wewe ndiye binti wa mashine."

"Ndiyo, babu."

"Ulisoma vizuri. Sina kinyongo nawe." Akanionyesha kiganja. "Miaka yote nilikuwa naijua mikono hii. Nakwenda pale nasimama, najaribu kukumbuka ilifanya nini. Nakumbuka nimefunga. Lakini mashine inasema sikufunga. Basi hata kukumbuka kwangu kumeharibika. Nikaona niache kwenda."

Nikapiga magoti, baba. Nilimwambia, "Babu, ulifunga."

"Usinionee huruma."

"Si huruma. Saa niliyosoma ilikuwa ya uongo." Nikafungua daftari, nikamwonyesha siku moja moja. Hakuitazama hesabu. Alinitazama mimi. Nilimweleza baridi inavyoichelewesha saa na jinsi tangazo lisivyopenya chuma, na nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu yeyote kwa siku moja.

Alilifunga daftari, akanirudishia. Kisha akauliza, "Kama si mimi, nani?"

Nilitazama chini. Na yeye si mjinga. Anajua ufunguo alimpa nani, na anajua nalala kwa nani.

"Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Una pengine pa kulala?"

Mtu ambaye nimemharibia akili yake, baba, swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Nikasema sina. Akasema, "Basi usimtaje. Mimi nimeshasikia, inanitosha." Lakini nilipokuwa natoka nilimwona akiinuka kwenda kuangalia kama mlango wa uani umefungwa. Haikumtosha.

Jioni ile nilimkuta Baba Zuhura uani anaziba tundu la tairi, yupo peke yake. Nilidhani heshima ni kumwambia yeye kwanza. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, macho kwenye beseni la maji.

Aliendelea kuusugua ule mpira mpaka nikamaliza. Akasema, "Yule pweza ulikula?"

"Nilikula."

"Aliyekula ni mmoja?"

"Hapana. Sote."

"Basi nilikosa kwa niaba ya nani?" Hakupandisha sauti. "Nilitoa mmoja tu, nimpe bodaboda alete nyumbani. Yule kijana akapiga honi, nikatoka mbio. Nilijua nimefunga. Mpaka leo najiambia nimefunga. Mwinjuma mtu mzima, alikuwa apumzike hata hivyo. Mimi nina watoto. Shangazi yako atakula nini, Sauda? Wewe mwenyewe utakula nini?"

Nikasema, "Sijui."

"Basi nyamaza. Wewe kunyamaza unajua."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu ni kweli.

Kesho yake nilibisha mlango wa Bwana Nassor kabla hata hajanywa chai. Nilimwekea daftari mezani. Alicheka. "Sekunde sita? Binti, umekuja kunisumbua kwa sekunde sita?" Akamwita Baba Zuhura, na yeye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kikavu. "Bwana Nassor, mtu anaweza kuharibiwa jina kwa sekunde sita?"

Nilitaka kutoka. Lakini nilikuwa nimekwenda na ile karatasi ya Jumatano, nikaiweka juu ya daftari. Nikasema, "Siku ile mlango uliufunga wewe, Bwana Nassor. Ulikuwa unampigia dereva. Karatasi inasema saa tisa na dakika hamsini. Simu yako inasema saa ngapi?"

Alinitazama. Akatoa simu, akapekua kwa kidole, akarudi nyuma wiki zote zile. Nilimwona anaisoma mara mbili. Ilikuwa saa kumi na dakika moja.

Bwana Nassor akasema polepole, "Nilipiga huku nausukuma. Bega hili." Kisha akamgeukia Baba Zuhura. "Unaniuliza mtu anaweza kuharibiwa kwa sekunde sita. Mbona wewe ulikaa kimya nikamwondoa mwenzio kwa dakika nne?"

Baba Zuhura hakuapa safari hii. Aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Hakusema amana, na hakuna aliyesema imefika.

Amesimamishwa kazi. Haijulikani kama atarudi. Shangazi hakunifukuza, usije ukasikia hivyo. Siku tatu alinipakulia chakula kama kawaida, kimya. Ya nne akaniambia, huku anakunja kanga, "Ungenambia mimi kwanza. Ningekuwa na siku moja tu ya kujiandaa." Alikuwa na haki. Nilimwambia mumewe, nikaona nimeheshimu, yeye nikampita kama hayumo ndani ya nyumba ile. Asubuhi iliyofuata nilikusanya nguo zangu mwenyewe, maana nilikuwa naona aibu kula. Sasa nipo kwa Mama Hadija, hapahapa Ngamiani, nalala na binti zake wawili. Usiwe na wasiwasi, ni nyumba ya watu wanaosali.

Dada Rehema alikuja. Amebadilisha tangazo, sasa linatolewa pia saa mbili asubuhi, mlango ukiwa wazi kwa kupakia, na kile kifaa kinasikia kila siku. Kilirudi sawa mara moja, mbele ya macho yangu.

Mzee Mwinjuma naye amerudi. Bwana Nassor alikwenda Pongwe mwenyewe kumwomba radhi, wanawake wakampokea kwa vigelegele, na aliyekuwa akipiga kelele za mzimu ndiye aliyelia kuliko wote. Amevaa shati lake, vifungo hadi shingoni. Lakini baba, hapiti getini tena saa nane na dakika moja. Anafunga, anaondoka hatua tano, anarudi. Anavuta komeo. Anaondoka, anarudi. Mara ya tatu au ya nne anakuja dirishani kwangu na kusimama, anaona haya kuuliza. Nami natoka, nakwenda naye mpaka mlangoni, nalishika komeo mbele yake.

"Nimefunga?"

"Umefunga, babu."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe."

Ndipo anakwenda. Kila siku. Jana ilibidi twende mara mbili. Niliisoma ile karatasi kwa dakika moja tu, na sijui itachukua muda gani kuitoa ndani yake. Nimeamua sitaacha kazi hii mpaka atakapotoka siku moja bila kuniita. Kama siku hiyo haipo, basi nitakuwepo tu.

Nisalimie mama, umwambie kanga aliyonipa bado mpya. Nisalimie bibi, mama yako, na umwambie avae miwani. Kaka yangu anayesoma ufundi VETA mwambie asiuze ile redio yangu. Mjomba wetu wa dukani, yule aliyenipa nauli, mwambie sijamsahau. Na wadogo zangu wawili wabusu, hata wakikimbia.

Lililobaki ni hili, nakuomba. Shangazi ni dada yako wa tumbo moja, na hajakupigia kwa sababu anaona haya. Mpigie wewe. Usimpe upande wangu, mimi nimeshausema hapa. Mwache aongee mpaka amalize, hata akinilaani kidogo, na usimkatize ili kunitetea.

Ni mimi binti yako anayekupenda na kukuheshimu,

Sauda